Mashine Aliyoileta Safwan

Jumapili, 4 Mei 2025

Vumbi. Vumbi, vumbi, vumbi! Meza ya Baba nimeifuta asubuhi, nimeifuta adhuhuri, na sasa hivi naweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole. Nyumba iliyokuwa mbele yetu wameibomoa yote, wanajenga fleti. Na hapa Wadi Kabir milima imetuzunguka pande zote — vumbi litakwenda wapi? Linaingia kwetu. Linaingia kifuani kwa Baba.

Nimempeleka kwa Daktari Wijdan. Mtoto wa Kizanzibari, alhamdulillahi, anasema na Baba kwa lugha yake. Amemsikiliza mgongo, amemsikiliza kifua, akasema mapafu yamechoka. Sigara za miaka yote ile ya wizarani, na sasa vumbi hili juu yake. Kisha akanitazama mimi. (Kila mtu akifika penye kazi hunitazama mimi.) Chumba cha mzee kinataka mashine ya kusafisha hewa, amesema. Yenye kichujio. Hewa chafu iingie, vumbi linase, hewa safi itoke. Si pambo wala si ya kunukisha. "Da Shariffa, kichujio!" — mpaka mlangoni ananikumbusha.

Nimeandika kwenye grupu letu la Watsap, la sisi watoto watatu. Ndugu yangu Safwan kaweka kidole gumba. Noof, mdogo wangu, yuko kwake Doha, kaweka moyo. Basi. Kidole gumba na moyo! Baba apumulie hivyo.


Jumanne, 6 Mei

Nna hasira leo!

Nimekwenda dukani Ruwi baada ya kumlisha Baba. Sikujua kama kuna aina zote zile. Nyengine kama ndoo, nyengine kama minara, moja kama yai kubwa. Binti anayeuza, Ghadeer, hakuniuzia maneno. Kaniuliza chumba kikubwa kiasi gani, nani analala humo, ana maradhi gani. Kisha akaifungua moja mbele yangu, akachomoa kichujio — kimekunjwa kunjwa kama marinda ya sketi ya skuli — akanambia hiki ndicho kinachofanya kazi, kilichobaki ni plastiki na feni. Kikijaa unatia kipya, na vipya vipo dukani.

Mashine yenyewe mbaya! Nyeupe, mraba, kama kapu la nguo chafu. Lakini nikaipenda. Nikasema hii. Tumeshafika kwa keshia, simu inalia. Safwan.

Usinunue kitu, ati! Yeye anamjua mtu. Hizo za dukani ni teknolojia ya zamani. Mambo ya mashine nimuachie yeye. Nikamwambia Safwan, nipo kwa keshia, boksi lipo mkononi. Akakata. Hajapita muda, Baba ndiye anayepiga: "Shariffa mwanangu, muachie ndugu yako. Wewe mambo ya mashine huyajui."

Mimi! Mimi ninayeifungua mashine yake ya mvuke wa dawa, nikaiosha, nikaifunga, kila siku ya Mungu! Mimi niliyetengeneza pampu ya maji pale juu ya paa kwa sababu Safwan alisema atakuja na hakuja!

Na nilifanya nini? Nimerudisha boksi. Mtu mzima, mvi zimejaa chini ya mtandio, nimerudisha boksi kama mtoto aliyekamatwa na peremende. Ghadeer kaniita khalati, mama mdogo, kasema hapana tabu. Hilo "hapana tabu" limeniuma kuliko yote.


Alkhamisi, 8 Mei

Mashine haijaja. Safwan hashiki simu. Vumbi linakuja bila ya kupigiwa.


Jumamosi, 10 Mei

Imekuja.

Safwan kaja nayo mwenyewe, yeye na Maram mkewe, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Mashine ndefu, nyeusi, ina mkanda wa dhahabu na taa ya buluu inayozunguka. Mtu wake huyo anaitangaza Instagramu, masheikh wote wanayo kwenye majlisi zao za wageni, eti. Nikaigeuza nyuma, nikaigeuza mbele. Nikauliza kichujio kiko wapi?

Safwan akacheka. "Hapo ndipo penyewe, Da Shariffa! Haina kichujio. Hakuna kuosha, hakuna kubadilisha. Inatoa hewa hai, inaua kila kitu."

Inaua kila kitu. Mimi nilitaka ikamate vumbi.

Nikasema, daktari kasema kichujio. Maram akanishika bega: "Taratibu, habibti, usimvunje moyo, kahangaika nayo wiki nzima." Kahangaika! Kwa kidole kimoja kwenye simu.

Na Baba — hapa ndipo. Baba kakaa kitandani, kaitazama ile taa ya buluu, na machozi yakamtoka. "Mwanangu kaniletea hewa," akasema. Akamshika Safwan mkono, akaubusu. Sijapata kubusiwa mkono na Baba. Namtoa makohozi. Namkogesha miguu. Niliacha kazi kabla ya wakati wangu, nikaiacha ofisi yangu na dirisha langu, ili asilale peke yake. Tangu baridi ya mwaka jana sijawasha udi nyumba hii, mimi niliyekuwa sitoki bila ya udi, kwa sababu ya kifua chake. Hakuna aliyelia.

Wamekaa mpaka kahawa ilipokwisha. Wakaondoka.

Chumba kina harufu. Si mbaya, lakini kali. Nimefikiri na kufikiri inanikumbusha nini. Nimejua: chumba cha fotokopi kule kazini kwangu, siku mashine zote zinapofanya kazi pamoja. Tulikuwa tukitoka humo macho yanawasha.


Jumatatu, 12 Mei

Kikohozi kimebadilika. Kile cha zamani kilikuwa cha majimaji, nakijua kama sauti yangu. Hiki kikavu, kinakwaruza. Baba anasema koo inamuwaka kama kala pilipili mbichi. Nimemuuliza tangu lini. Tangu juzi. Nimetazama mashine. Juzi!

Nikaizima. Nikaenda jikoni kumkorogea uji. Narudi, taa ya buluu hiyo inazunguka — kateremka kitandani mwenyewe, yeye asiyeweza kufika chooni bila bega langu, kaiwasha!

"Baba, inakuumiza."

"Inasafisha. Safwan kasema mwanzo itasafisha mapafu, uchafu utatoka."

"Mbona uchafu hautoki? Unakohoa kikavu!"

Akasema taratibu, kama anayenionea huruma: "Shariffa, usimwonee wivu ndugu yako."

Nimetoka. Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, jua linaniunguza, nikauma ncha ya mtandio nisipige kelele. Wivu! Nimwonee wivu wa nini? Wa kuja mara moja kwa mwezi? Wa kubusiwa mkono?

Ndiyo. Wa kubusiwa mkono. Haya, nimeandika.


Jumanne, 13 Mei

Nimempelekea Daktari Wijdan picha ya mashine. Hakujibu kwa maandishi, kapiga mwenyewe, tena katikati ya kazi zake. Kaniuliza inanuka vipi. Nikamwambia fotokopi. Akasema zima sasa hivi, Da Shariffa, nakungoja kwenye simu. Nikazima. Akasema hiyo inatoa ozoni. Ni hewa inayochoma. Mtu mzima wa afya inamkera. Mtu wa kifua kama Baba inamfunga njia za pumzi. Fungua dirisha hata kama vumbi linaingia, vumbi ni afadhali kuliko hiyo.

Vumbi ni afadhali! Tumelipa taabu yote hii tukapata kitu kibaya kuliko vumbi.

Nimempigia Safwan, nimemweleza neno kwa neno. Kasema madaktari wa siku hizi wanauziana vitu na wenye maduka, na aliyemuuzia yeye kasomea Ujerumani. Nikamuuliza kasomea nini Ujerumani. Hajui. Nikamwambia njoo uichukue. Kasema atakuja Ijumaa, inshallah, na kwa sasa tuiweke kidogo kidogo. Kidogo kidogo! Kama sumu ina nusu kijiko cha halali.

Nikamwambia Baba. Kageuka ukutani. Nimechomoa plagi, nimeusukuma waya nyuma ya kabati. Nimesema kuna kasoro ya umeme. Baba si mjinga, na mimi si muongo mzuri.


Alkhamisi, 15 Mei

Naandika hospitali. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mbele ya mlango.

Nilitoka asubuhi kwenda duka la dawa tu. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa inakwisha. Nimerudi mlango wa chumba umefungwa. Dirisha limefungwa. AC haijawashwa. Na ile harufu imenipokea kwenye ukumbi kabla sijafika. Baba kakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, ameshika waya mkononi. Kabati kalisogeza! Peke yake! Midomo imeingia rangi ya zambarau, anavuta pumzi kama anaivuta kutoka kisimani. Taa ya buluu inazunguka juu ya kichwa chake.

Sikumbuki nilivyomtoa. Nakumbuka mzito. Nakumbuka kiatu chake kimoja kimebaki mlangoni. Wafanyakazi wa jengo la mbele, wale wale wa vumbi, waliniona wakaacha kazi wakaja mbio kumbeba mpaka garini. Nimeendesha namwita Baba, Baba, Baba, na yeye hajibu ila kwa kifua.

Wamempa oksijeni. Wamempa sindano. Daktari wa hapa kasema tumewahi.

Safwan kafika baadaye. Kafika ananukia. Wakati huo Ami Bakhit, ndugu wa Baba, keshakuja kutoka Qurayyat na wanawe, wamejaa kwenye ukumbi. Nilikuwa nimeinama nachukua maji kwenye bilauri, wao hawanioni. Ami Bakhit akauliza imekuwaje. Na ndugu yangu, tumbo moja, akasema:

"Udi, ami. Dada anafukiza udi mchana kutwa. Nimempelekea Baba mashine ya hewa, lakini mashine itafanya nini na moshi ule?"

Udi.

Udi!

Nimesimama pale, maji yanamwagika kwenye mkono. Nilitaka kusema. Ami Bakhit kanitazama, kichwa anakitikisa, yule mzee niliyemlaza kwangu alipofanyiwa operesheni ya macho. "Shariffa, mwanangu, udi wa nini na mtu wa kifua ndani?"

Na mlango wa Baba ulikuwa wazi. Kitanda kipo pale pale. Kavaa ile barakoa ya oksijeni, lakini macho yapo wazi, na masikio ya Baba hayana ugonjwa. Amesikia. Nimemtazama. Kanitazama. Kisha kageuza macho kwenye dari.

Siandiki zaidi. Kalamu itatoboa karatasi.


Ijumaa, 16 Mei

Maram kaja na wali na samaki hospitali. Watu wamemshukuru. Mimi wamenipa nasaha. Mke wa Ami Bakhit kanifundisha kufungua madirisha unapofukiza. Nikamwambia sifukizi. Akasema haya, haya, mwanangu, tumekufahamu.

Safwan alisema atakuja kuichukua mashine leo. Hajaja. Yupo Bustan, kuna harusi hotelini.


Jumamosi, 17 Mei

Leo nimefanya.

Asubuhi, kabla hata sijanywa chai, nimeibeba ile nyeusi, nimeitia kwenye buti ya gari langu, nimeifunga kwa ufunguo. Nimefungua chumba cha Baba chote, nimepiga deki, nimefua mapazia. Nimekwenda Ruwi. Ghadeer kanikumbuka. Hakuniuliza kitu, kaitoa ile nyeupe ya mraba, akaifungua tena nikitizame kichujio tena, na safari hii nimebeba boksi mimi mwenyewe mpaka garini, na simu nimeizima.

Nimeiweka pembeni ya kitanda. Imewaka taa nyekundu, ya hewa chafu. Ikanguruma kama feni ya zamani. Nimekaa nikaitazama, mashine tupu, chumba kitupu, na mimi nimekaa kama ninayemngojea mtu azindukane. Nyekundu. Nyekundu. Rangi ya chungwa. Kisha — kwenye jengo la mbele walikuwa wameshaanza kukata matofali, vumbi limesimama hewani nje ya kioo — ikawa kijani. Nimelia. Sina haya ya kuliandika hilo. Nimelia kwa kitaa cha kijani.

Nimewasha simu. Nimeandika kwenye grupu: Baba hakuugua kwa udi. Nyumba hii haina udi tangu baridi. Kaugua kwa ozoni ya mashine ya Safwan, na Daktari Wijdan yupo, mwenye kutaka amuulize. Nimesoma mara moja, nikapeleka.

Safwan kasoma.

Noof kapiga kutoka Doha. Nilidhani ananiuliza Baba anaendeleaje. "Da Shariffa, futa, tafadhali. Usimvunjie heshima mbele ya Maram, husoma simu ya mumewe. Na Eid inakuja, tutakaaje pamoja?"

Nikamuuliza: na mimi aliponivunjia heshima mbele ya ukoo mzima?

Akasema wewe mkubwa, dada. Wewe ndiye wa kusamehe.

Sikufuta.


Jumapili, 18 Mei

Wamemruhusu. Nimemrudisha asubuhi. Kakonda shingo, lakini midomo ina rangi yake. Nimemlaza, nimemwekea mito miwili, nimewasha ile nyeupe. Kaisikiliza kwa muda. Kapumua. Nimemuona akipumua — mabega hayapandi.

Kisha akauliza: "Iko wapi mashine ya Safwan?"

Nimemwambia. Sikuzunguka. Nimemwambia nini ozoni, nimemwambia nani kasema, nimemwambia nimemkuta vipi sakafuni. Kasikiliza kafumba macho. Nikamuuliza:

"Baba, ulisikia alichosema Safwan kule hospitali? Habari ya udi?"

"Nilisikia."

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Nilikuwa na barakoa mdomoni."

"Mkono ulikuwa huna barakoa, Baba. Ungeninyooshea hata kidole."

Mikono inachezea pindo la shuka. Mwisho akasema: "Yeye ni mwepesi kuvunjika, Shariffa. Tangu mdogo. Wewe huvunjiki."

Nimeondoka chumbani. Nisingeondoka, ningesema jambo.

Mchana huu, nimetia kahawa motoni, Safwan kaja. Peke yake, bila ya Maram. Hakunisalimia sawasawa. Kaingia kwa Baba, kaiona ile nyeupe, akatoka uso umemvimba. Mashine yake iko wapi? Nani kanipa ruhusa? Yule mtu wake kamhakikishia, tatizo ni chumba kilikuwa kimefungwa, inatakiwa iwekwe karibu na mlango, basi. Anaitaka irudi pale pale leo, mbele ya macho yake, na lile neno nililoandika kwenye grupu nilifute.

Na Baba kutoka ndani, kwa sauti ndogo, akaniita. Nikamwendea. Akanivuta mkono nimsogezee sikio. "Mwambie imeharibika," akaninong'oneza. "Mwambie umeiangusha wewe. Atakasirika kidogo, kisha yatakwisha."

Umeiangusha wewe!

Nikamsogeza mkono taratibu. Nikatoka ukumbini. Nikamwambia Safwan: mashine yako nzima, ipo kwenye buti ya gari langu. Ufunguo huu hapa. Akaupokea kama aliyeshinda kesi. Akatoka, kanzu inapepea.

Nikaufunga mlango. Komeo la juu, komeo la chini.

Naandika nimesimama jikoni, daftari juu ya meza ya kukatia vitunguu. Yupo nje. Nilimwona kwa dirisha la jikoni: kaikumbatia ile nyeusi mikononi, jua la mchana linampiga kichwani, vumbi la jengo limeshaanza kumkaa mabegani. Kagonga. Kafikiri nimekosea. Kagonga tena. Sasa anapiga kwa kiganja, ananiita jina langu bila ya "Da". Simu yangu inalia juu ya meza — yeye, kisha Maram, kisha Doha. Noof kapata habari upesi, mashallah.

Kahawa imefurika. Nimezima moto.

"Shariffa!" Baba anaita. "Mfungulie ndugu yako!"

Nafuta kahawa iliyomwagika.

"Shariffa! Mtu yuko juani!"

Nimekwenda nimesimama mlangoni mwa chumba chake. Nimemwambia: Baba, nitamfungulia. Wewe niambie tu, nimfungulie na mashine yake, au bila ya mashine yake? Litoke kinywani mwako. Sasa huna barakoa.

Kanitazama. Kaitazama ile nyeupe. Nje mlango unapigwa. Nimerudi huku jikoni, kwenye daftari.

Safwan kapumzika kugonga, Baba kapumzika kuita. Nasikia feni tu.

Anakohoa — kile cha zamani, cha majimaji. Anasafisha koo.

"Safwan!" Si jina langu. Anamwita Safwan, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu alipokuwa na ofisi na watu chini yake. "Safwan! Kilicho mkononi mwako kiache —"

Kikohozi kimemkata. Safwan huko nje anauliza, nini Baba? Nini? Sikusikia!

Namtilia maji kwenye bilauri nimpelekee, amalize.